Dar mpaka Guangzhou, China, kwa ndege ni masaa mangapi? Njooni tuhesabu pamoja, watu wanapotea

Mkata Tiketi

Wakuu habari za jioni.

Nakata tiketi za ndege Kariakoo, huu mwaka wa tisa, ofisi iko ghorofani mtaa wa Aggrey. Swali ninaloulizwa kuliko yote siyo bei, bei inakuja ya pili. La kwanza ni "hivi mpaka Guangzhou ni masaa mangapi?" Nikijibu kumi na moja kwa ile ya moja kwa moja mtu ananikatalia hapohapo, anatoa simu, anafungua tiketi ya mwenzake aliyetangulia, anasema mbona huyu kaondoka saa tano na nusu usiku kafika kesho yake saa tisa na nusu alasiri, hayo si masaa kumi na sita? Mwingine aliyekaa kwenye benchi anadakia, kwenda ndiyo kumi na sita, kurudi ni saba tu, kaka yangu kaondoka kule saa kumi na moja na nusu jioni na saa sita na nusu usiku alikuwa ameshatua hapa. Wiki iliyopita wawili wamebishana mbele ya meza yangu mpaka wakawekeana elfu ishirini ishirini.

Wote wawili walichosoma kimeandikwa kweli kwenye tiketi. Na hakuna hata mmoja aliyepata masaa ya safari.

Sababu ni kwamba tiketi ya ndege haina saa moja, ina saa za miji miwili. Muda wa kuondoka umeandikwa kwa saa ya mji unaoondoka na muda wa kufika kwa saa ya mji unaofikia. Guangzhou wako mbele yetu masaa matano, mwaka mzima, maana sisi hatubadilishi saa na wao hawabadilishi. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao watu wanakula chakula cha mchana, ni saa saba. Kwa hiyo ukienda, chukua hayo kumi na sita uliyoyaona toa matano, unabaki na kumi na moja. Ukirudi fanya kinyume, saba jumlisha matano, kumi na mbili. Basi ndiyo hivo, hakuna ndege inayoenda kwa kupanda mlima na kurudi kwa kuteremka.

Nimeamua kuandika huu uzi kwa sababu ya mama mmoja. Anauza vitenge, ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya nchi. Nilimkatia tiketi ya tarehe 14, muda 01:15. Nikamsomea kwa mdomo wangu, mama ni tarehe 14 saa saba na robo usiku, akaitikia vizuri, nikaona kaelewa. Tarehe 14 saa tatu usiku ananipigia simu yuko Terminal 3, mabegi mawili, watoto wamemsindikiza, mdogo kavalishwa kabisa nguo ya Idi, na anaambiwa ndege yake imeshaondoka tangu usiku wa jana. Nilimsikia analia kwenye simu na yule mdogo anamuuliza "mama hauondoki tena?"

Nimelifikiria sana lile jambo. Yule mama hakukosea Kiswahili, mimi ndo nilikosea. Kwetu tarehe 14 usiku ni ule usiku unaokuja baada ya kushinda mchana wa tarehe 14. Wenye ndege wao tarehe inageuka saa sita usiku. Nilitakiwa nimwambie "usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo tarehe 13 jioni uwe njiani." Maneno yapo kwenye lugha yetu tayari, usiku wa kuamkia, watangazaji wa redio wanayatumia kila siku, mimi sikuyatumia. Faini ya kubadilisha tiketi tulichanga nusu kwa nusu na akasafiri baada ya siku nne. Tangu siku hiyo kila tiketi naigeuza nyuma naandika kwa kalamu, saa kwa Kiswahili na siku kwa jina lake, alafu namuomba mteja anisomee yeye.

Na kuna wale wanaosoma 07:00 wakasema saa saba. Jamani 07:00 ni saa moja asubuhi. Kama umezoea saa ya Kiswahili, toa sita au ongeza sita, inategemea iko upande gani. 13:00 toa sita unapata saba mchana. 01:00 ongeza sita unapata saba usiku. Ukipata inayozidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 23:30 toa sita ni kumi na saba na nusu, toa kumi na mbili, ni saa tano na nusu usiku. Ukiogopa hesabu angalia mshale mfupi wa saa ya ukutani unapoelekea, ng'ambo yake ndiyo saa yetu.

Nikija kwenye umbali, Dar mpaka Guangzhou kwa njia ya angani iliyonyooka ni kama kilomita 8,700. Hii sikuiamini mpaka nilipoipima mwenyewe. Kijana wangu ana tufe la dunia la shule, upana wake sentimita 30. Nikachukua uzi wa cherehani, nikashika Dar kwa kidole gumba, nikauvuta mpaka Guangzhou ukakaza vizuri, nikaweka alama, nikaupima kwa rula. Sentimita ishirini na nusu. Tufe lile mzunguko wake ni kama sentimita 94, na dunia mzunguko wake ni kilomita 40,000, kwa hiyo kila sentimita ni kama kilomita 425. Zidisha mwenyewe uone. Na ule uzi unakuonyesha na njia, kutoka hapa unaingia bahari ya Hindi unapita kaskazini ya Ushelisheli, unakata India ya kusini unatokea jirani na Chennai, unavuka Ghuba ya Bengali, Myanmar, unapita juu kidogo ya Hanoi, umefika. Ndege yenyewe haifuati uzi kwa asilimia mia maana kuna njia za anga zilizopangwa na kuna mawingu ya kukwepa, ila haiendi mbali nao.

Dreamliner, ndege inayoruka hiyo ya moja kwa moja, ikishatulia juu inaenda kama kilomita 900 kwa saa. 8,700 kwa 900 unapata masaa tisa na dakika arobaini. Zilizobaki mpaka kumi na moja ni kutembea uwanjani kabla ya kuruka, kupanda, kuzungukazunguka njia, kushuka, na kutembea tena mpaka getini.

Wenye uzoefu ongezeni. Naomba tuwe wapole kwa wanaouliza.

Kijana wa Mbezi

Mkuu asante, uzi umesimama. Mimi ndo naenda mara ya kwanza mwezi ujao nafuata vipuri vya bodaboda. Nimepewa bei mbili, ya moja kwa moja na ya kupitia Dubai ambayo iko chini kidogo ila imeandikwa masaa 23. Sasa nauliza, Dubai si iko njiani tu, inakuwaje ziongezeke zote hizo?

Mkata Tiketi

Kaka Dubai haiko njiani, iko pembeni. Dar mpaka Dubai ni kama kilomita 3,980, Dubai mpaka Guangzhou kama 5,830, jumla 9,800. Umeongeza kilomita 1,100 na ushee ukilinganisha na uzi ulionyooka, hiyo ni kama saa moja na robo ya kuruka. Addis Ababa nayo cha ajabu inatoka hapohapo, Dar Addis 1,760 na Addis Guangzhou 8,040, jumla ile ile 9,800. Doha inazidi kidogo, elfu kumi hivi.

Kwa hiyo kinachokula muda siyo umbali. Chukua hizo 23 zako, za hewani hazizidi kumi na tatu na kitu. Zilizobaki ni kukaa tranziti kwenye kiti cha chuma. Ndo maana mteja akiniambia nitafutie ya bei chini huwa namuuliza kwanza unakaa China siku ngapi. Kama unakaa siku saba na unaenda kuzunguka maghala, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi ni kitu kikubwa, hoteli unailipia na mzigo haujauona. Kama unakaa mwezi, okoa hela yako upitie huko.

Kitu kingine, hakikisha safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Wapo wanaonunua Dar Dubai kivyake na Dubai Guangzhou kivyake kwa sababu jumla inakuwa rahisi. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikudai, umeipoteza. Na mabegi utatakiwa uyachukue Dubai uyapeleke tena upya, ambapo itabidi uwe umeruhusiwa kuingia nchi yao.

Mama Zuhra

Mimi nimepita njia hiyo mara nyingi, naongezea la saa. Doha, Addis, Nairobi na Istanbul saa zao ni sawa na za kwetu, ukitua huko usiguse saa yako. Dubai wao wako mbele kwa saa moja. Safari yangu ya pili nilitua Dubai asubuhi, simu nimeiweka ile ya ndegeni sijaitoa, nikawa naangalia saa yake naona bado nina saa nzima na nusu. Nikaenda kuswali, nikanywa chai, natembea taratibu kuelekea geti nakuta binti anafunga. Kumbe saa yangu ilikuwa bado ya Kinondoni. Nililala pale kwenye viti mpaka usiku nimejifunika mtandio. Kwa hiyo wanangu mkitua popote, kabla hujasimama kwenye kiti, muulize jirani au angalia kwenye mabango ya uwanja saa ngapi hapo. Usiamini simu mpaka iwe imeshika mtandao wa pale.

Mkata Tiketi

Mama Zuhra asante sana, hilo la simu naanza kuwaambia wateja kesho.

Fundi Simu Msimbazi

Naomba kuuliza swali ambalo nimekuwa nalo tangu sekondari. Dunia si inazunguka kuelekea mashariki? Sasa China iko mashariki, kwa nini kurudi kusiwe haraka, maana ndege ikiwa juu dunia inazunguka chini yake, Dar si inakuja yenyewe?

Mwalimu wa Jografia

Hili nifundishe mimi maana ndo kazi yangu, na wanafunzi wananiuliza kila mwaka.

Ukiwa ndani ya mwendokasi inakimbia, rusha funguo juu. Zinarudi mkononi kwako, haziangukii kwa abiria wa nyuma. Kwa sababu zile funguo zilikuwa zinaenda pamoja na basi kabla hujazirusha na zinaendelea kwenda nalo. Dunia na hewa yake ni hivohivo. Hewa yote tunayovuta inazunguka na dunia, na ndege inaogelea ndani ya hiyo hewa, kwa hiyo mzunguko wa dunia hauisaidii wala hauizuii.

Kinachoisaidia au kuizuia ni upepo. Huko juu kilomita kumi na zaidi kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kule kaskazini ule unaopita karibu na Himalaya na China ya kusini unakuwa na nguvu sana. Ukienda Guangzhou unakusukuma mgongoni sehemu ya njia, ukirudi unakupiga usoni. Ndo maana mtoa mada kaweka kumi na moja kwenda na kumi na mbili kurudi.

Mzunguko wa dunia unachofanya ni kubadilisha saa tu. Dunia inageuka nyuzi 15 kila saa. Dar iko nyuzi 39 mashariki, Guangzhou 113, tofauti ni 74. Gawa kwa 15 unapata karibu masaa matano. Jua likiwa linawachomozea wao, sisi huku bado masaa matano.

Fundi Simu Msimbazi

Hapo kwenye funguo nimeelewa mwalimu. Miaka kumi na tano.

nahodha_mstaafu

Asalaam aleykum. Nimesoma yote nimefurahi na mimi niseme langu. Mimi ni mtu wa Unguja, nimekaa Dar miaka mingi, babu yangu alikuwa mtu wa majahazi. Nyinyi mnabishana kumi na moja au kumi na mbili, wao walihesabu kwa msimu. Kaskazi ikianza kuvuma mwisho wa mwaka majahazi yanashuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi mpaka huku kwetu, yanakaa, yanauza yanapakia, ikigeuka kusi ndo wanapandisha tanga kurudi. Mtu akikosa kusi amekosa, anangoja mwaka mwengine. Na hakuna aliyemuuliza nahodha India ni masaa mangapi, waliuliza utaondoka na upepo gani.

Naona mwalimu anasema hata hiyo ndege inasukumwa na upepo mgongoni. Basi upepo bado una neno lake.

Kijana wa Mbezi

Mzee shikamoo. Nimependa hiyo.

Mkuu Mkata Tiketi sasa naomba unipigie hesabu yangu kamili, nimeamua naenda na ya moja kwa moja. Inaondoka 23:30. Naishi Mbezi Luis. Nitoke nyumbani saa ngapi na nitalala kitandani Guangzhou saa ngapi?

Mkata Tiketi

Hili ndo swali zuri kuliko la masaa ya ndege. 23:30 ni saa tano na nusu usiku. Safari ya nje ya nchi uwe uwanjani masaa matatu kabla, maana yake saa mbili na nusu usiku uwe unaingia mlangoni Terminal 3. Siyo saa mbili na nusu uwe TAZARA. Kutoka Mbezi jioni wewe mwenyewe unaijua Morogoro Road, na kuanzia Ubungo unaenda kukutana na watu wanaorudi makwao Gongo la Mboto na Ukonga kwenye Nyerere Road, njia ile ile ya uwanjani. Mvua ikinyesha ndo usiseme. Mimi ningekuwa wewe saa kumi na moja jioni begi liko kwenye gari. Ukifika mapema sana utakaa kwenye kiti utamwangalia binadamu anavyopita, hakuna ubaya.

Ndege kumi na moja. Utafika getini saa nne na nusu asubuhi ya Dar ambayo kwao ni saa tisa na nusu alasiri, kwenye tiketi itakuwa 15:30. Uhamiaji na mabegi weka saa moja na nusu, ndege moja ile ina viti 262, ikijaa foleni yake unaiona. Uwanja wa Baiyun uko kaskazini ya mji, karibu kilomita 28 kutoka katikati, treni ya chini ya ardhi inafika mpaka pale. Kwa hiyo kitandani Xiaobei, mtaa wa pale mjini, au utakapofikia, hesabu saa kumi na mbili na nusu jioni ya kule. Tangu ufunge mlango wa Mbezi umetumia masaa ishirini na nusu. Ndege ndani yake ni nusu tu.

Alafu usilale ukifika! Mwili utakuambia ni saa saba na nusu mchana. Tafuta wali, tembea, lala saa nne ya usiku wao. Ukilala jioni ile utaamka saa nane usiku macho makavu na asubuhi kwenye duka la vipuri utakubali bei yoyote. Nimewasikia wengi wakijutia hilo.

Binti Nyegezi

Hii ya mlango kwa mlango imenigusa, mimi Mwanza naenda kila baada ya miezi mitatu kumuangalia mama. Dar Mwanza kwa ndege kilomita ni kama 850 tu, kwa barabara kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga ni kama 1,150. Ndege ya jeti saa moja na nusu hivi, basi unaamka nalo na kulala nalo. Ila nikihesabu kutoka kwangu Chanika, foleni, kuwahi uwanjani, kusubiri, alafu kutoka uwanja wa Mwanza mpaka Nyegezi, ni masaa saba. Bado naipenda, lakini watu wakiniambia "wewe unafika kwa saa moja na nusu" huwa nawaambia njooni tutoke wote Chanika.

Mama Zuhra

Na Unguja je! Angani ni kama kilomita 73, ndege dakika ishirini. Boti ni kama masaa mawili. Lakini boti inapakia pale Posta mjini, ndege inabidi utoke nje ya mji mpaka uwanjani, ukae, ndo upande. Mimi nikiwa Kariakoo nachukua boti na nafika Malindi sambamba na aliyepanda ndege.

mpita njia wa Dom

Dodoma siku hizi hivohivo. Angani haifiki 400, ndege saa moja na dakika chache, SGR ya haraka masaa matatu na nusu hivi kutoka stesheni. Kwa mtu wa Ilala au Kariakoo treni, kwa mtu wa Kipawa labda ndege. Kila mtu ahesabu kutoka mlangoni kwake, hapo mtoa mada kasema kweli.

baba_Iqra

Samahanini wakuu kuingilia. Nimeutafuta mtandaoni huu muda nimekutana na uzi. Mke wangu yuko hewani sasa hivi anaenda Guangzhou, ya moja kwa moja, iliondoka jana usiku 23:30 na nilimuona mwenyewe anaingia ndani. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege kabisa. Sasa hivi ni saa tatu asubuhi, simu haipatikani. Kwenye tiketi imeandikwa 15:30 nikajua ndo saa tisa na nusu ya leo, kwa hiyo nimekaa kusubiri mpaka alasiri. Mtoto anauliza kila dakika mama kafika. Nimesoma hapa sasa nachanganyikiwa. Nimpigie saa ngapi?

Mkata Tiketi

Kaka tulia, usisubiri mpaka alasiri. Hiyo 15:30 ni saa ya kule. Toa matano unapata 10:30, kwetu ni saa nne na nusu asubuhi hii hii. Saa hizi saa tatu ameshamaliza masaa tisa na nusu, amebakiwa na saa moja na nusu. Kama wameenda na njia ya kawaida atakuwa ameshaiacha Ghuba ya Bengali nyuma, yuko juu ya Myanmar huko au ameshaivuka kidogo.

Ila saa nne na nusu ni ndege kusimama getini. Baada ya hapo milango itafunguliwa, watu watasimama wote kwa pamoja. Laini yake ya Tanzania inaweza isishike mtandao haraka. Mpe mpaka saa tano na nusu kabla hujaanza kuwa na wasiwasi. Umemuwekea njia ya kupiga kwa intaneti? WhatsApp kule haifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China, kama ana WeChat, ile ya Wachina ya kupiga na kuandikiana, ni nzuri zaidi.

baba_Iqra

WeChat anayo, wenzake wa mtaa wa Congo walimuwekea. Asante sana mkuu. Nimemwambia mtoto mama yuko juu ya Myanmar, sasa anataka kujua Myanmar ni wapi.

Mwalimu wa Jografia

Mwambie avute uzi kwenye ramani kutoka Dar, apite India ya kusini, avuke maji, nchi atakayoikuta ng'ambo ndo hiyo.

Kijana wa Mbezi

Tupo hapa tunasubiri na wewe baba Iqra.

Binti Nyegezi

Saa nne na nusu hii.

Mama Zuhra

Inshallah kheri. Mara ya kwanza mtu anakaa kwenye kiti mpaka wote washuke. Usiogope akichelewa.

baba_Iqra

Kapiga!! Saa tano kasoro kumi. Kaunga intaneti ya uwanjani. Yuko kwenye foleni ya uhamiaji, sauti ilikuwa inakatika ila nimemsikia. Anasema saa ya ukutani pale inaonyesha saa kumi kasoro kumi jioni na anauliza mbona sisi huku hata chai ya saa nne hatujamaliza. Iqra kachukua simu kamuuliza Myanmar ameionaje, akajibiwa alikuwa amelala.